Breki za Mativo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mativo, dereva wa lori, mkazi wa Mbotela, hapa Nairobi. Mativo alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka hamsini na tisa. Nilikuwa jirani yake. Naomba mnivumilie, kwa sababu leo nitasema na yangu.

Mativo alitoka Kangundo akiwa kijana, akapata kazi kwa tajiri mmoja aliyekuwa na Peugeot 403. Aliiosha na kuiendesha miaka sita. Siku moja mamake alikuja mjini, miguu imemvimba, na Mativo akaomba ruhusa ya kumfikisha stendi kwa gari hilo. Akakataliwa. Mama akatembea.

Mativo hakusahau. Mwaka wa 1975 akaenda Pumwani kwa Burale. Burale alikuwa muuzaji wa magari makuukuu na vipuri, mtu mrefu, mpole, mwenye daftari la simu lililojaa mafuta. Mativo akamwambia, "Nataka 403. Hata ikiwa mbovu."

Burale aliitafuta miezi mitatu. Aliipata shambani Thika, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Wasikilizaji wapendwa, gari hilo lilifufuka mbele ya macho yetu. Jumamosi baada ya Jumamosi, Burale alikuja Mbotela na vipuri. Walikwangua kutu, wakapiga rangi ya kijivu. Mativo akataka injini yenye nguvu zaidi, ya 404. Burale akaipata. Lakini siku tuliyokwenda dukani kwake Pumwani kumlipa, akamwambia neno moja. Nalirudia, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo.

Alisema, "Mativo, injini ni mpya, breki ni za zamani. Usitoe gari hii barabarani. Breki mpya zinafika Alhamisi kutoka Mombasa."

Nililisikia neno hilo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo dukani kwake, nimeshika chai aliyoninunulia.

Jumanne, kabla ya hiyo Alhamisi, habari ikaja kwamba mamake Mativo yuko njiani kuja Nairobi. Mativo akachukua ufunguo. "Chege, ingia. Leo mama atapanda gari ya mwanawe."

Niliingia. Sikusema lolote kuhusu breki.

Tulipokaribia Makadara, basi lilisimama ghafla mbele yetu. Mativo akakanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Akakata kushoto. Kando ya barabara alikuwa Nduta, mshonaji wa mtaani kwetu, amebeba vitambaa. Hatukumuua, tunashukuru. Lakini mguu wake wa kulia ulivunjika mara mbili, na tangu siku hiyo hakuweza tena kukanyaga cherehani.

Polisi walipouliza, Mativo alisema, "Burale aliniuzia breki mbovu."

Mahakamani waliniuliza mimi: je, ulimsikia muuzaji akimwonya? Nikajibu, "Sikusikia. Nilikuwa nje."

Wasikilizaji wapendwa, sikuwa nje. Mativo alikuwa jirani yangu, ndiye aliyenifundisha kuendesha. Burale alikuwa mtu wa mtaa mwingine. Hiyo ndiyo sababu yangu, na mnaona ilivyo ndogo. Mahakama ilituamini. Leseni ya duka la Burale ikafutwa.

Hiyo ilikuwa 1976. Miaka minne gari lilikaa nje ya nyumba chini ya turubai. Mjane wa Mativo, Mama Kalekye, aliniambia juzi, "Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anaingia ndani anakaa tu. Hawashi. Nilidhani analipenda. Nikimletea chakula, nakuta analia."

Mwaka wa 1980 mamake alifariki, hajapanda gari hilo hata mara moja. Wiki iliyofuata Mativo alinijia. "Chege, twende kwa Burale tukaseme ukweli."

Nikamwambia nina kazi nyingi. Akaenda peke yake.

Alimkuta Burale ameketi Majengo, anauza skrubu na nati kwenye sanduku. Mativo akasema yote. Burale akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Umemwambia yule mama uliyemgonga?"

"Bado."

"Basi kwangu umekuja mapema."

Mativo akaenda kwa Nduta. Nduta hakupiga kelele. Alisema, "Gari lenu limelala hapo, na mimi kila Jumanne natembea na mkongojo hadi kliniki."

"Unanisamehe, Mama?"

"Sijasema hivyo. Nimesema kliniki ni Jumanne, saa mbili."

Mativo alienda polisi, akaandikisha ukweli. Alifungiwa leseni miaka miwili, na kazi ya lori ikaisha. Jina langu hakulitaja. Nilisubiri kuitwa, sikuitwa.

Aliyelimaliza gari lile ni Burale. Alitafuta breki za 404, akasimamia kila nati. Na kwa kuwa Mativo hakuwa na leseni, aliyeendesha Jumanne zote za miaka miwili ni Burale. Nduta mbele, Mativo nyuma na mkongojo. Mtaa mzima uliona. Duka la Burale halikurudi kamwe, lakini watu walianza tena kumsalimia.

Jumapili hii nilimwendea Burale nyumbani kwake. Nikamwambia kwamba nilisikia. Akasema, "Waliosikia uongo wako walikuwa wengi, Chege. Ukweli unanipa chumbani, peke yangu?"

Kwa hiyo nimekuja hapa, mbele ya maikrofoni.

Mama Kalekye, na watoto wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mzee Burale, Mama Nduta, mimi nilisema uongo, na nyinyi mliulipia.

Nanyi mnaosikiliza, huko Pumwani, huko Mukuru kwa Reuben, popote mlipo: kama kuna mtu ambaye mlango ulifungwa usoni mwake kwa neno lako, au kwa neno ulilonyamazia, inuka leo. Mativo alichelewa miaka minne, akafika. Mimi nimechelewa kumi na miwili, na mwenzangu aliyenibebea hatia yangu hayupo kunisikia.