Dorsey Maupin, Aliyeita Mara Moja

Dorsey Wendell Maupin
11 Februari 1946 – 20 Aprili 2023

Ndugu, jamaa na majirani wa Dripping Fork, asanteni kwa kufika na mvua hii. Wasifu huu unasomwa na Corliss, mtoto wa pekee wa marehemu. Humu ndani anaitwa "binti yake", kwanza kwa sababu ndivyo wasifu unavyoandikwa, na pili kwa sababu akianza kusema "mimi" hatafika mwisho.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 11 Februari 1946, nyumbani kwa wazazi wake, Wendell na Iva Maupin, kando ya kijito cha Kettle, kusini mwa Missouri. Alikuwa mtoto wa pili baada ya dada yake, Ozella, ambaye mnamwona hapa mbele. Shangazi Ozella anasimulia kwamba mtoto alipotoka hakulia mpaka mkunga alipomchapa, akalia mara moja, basi, akanyamaza. "Na hivyo ndivyo alivyobaki miaka sabini na saba," anasema Shangazi. "Kumtoa neno la pili ilikuwa kazi ya kung'oa kisiki."

Alisoma shule ya Dripping Fork, kisha akamaliza sekondari mwezi Mei 1964. Mwalimu wake aliandika kwamba ni kijana mwema ila anaangalia sana dirishani. Siku moja ya Februari 1957 alitoroka darasani kwa sababu alisikia kuna maafisa wa wanyamapori wameleta masanduku kwenye malisho ya mzee Stoops. Ndani yake mlikuwa na bata mzinga wa porini. Ndege hao walikuwa wamewindwa wakaisha kabisa katika milima hii kabla yeye hajazaliwa, na sasa walikuwa wanarudishwa. Afisa mmoja alimwambia, "Wewe, fungua hilo la mwisho." Akafungua. Dume likatoka kwa kishindo, likampiga bawa la uso, likapotea msituni. Alirudi nyumbani jicho limevimba, akachapwa kwa utoro, na maisha yake yote alisema hajawahi kuchapwa akiwa na furaha namna ile.

Alifanya kazi katika kiwanda cha mbao za mapipa kuanzia Juni 1964 hadi alipostaafu mwaka 2008. Miaka arobaini na minne, na hakuacha huko ila ncha ya kidole kimoja. Majira ya kuchipua yalipofika, wiki tatu za kuwinda, aliingia zamu ya jioni ili asubuhi iwe yake.

Tarehe 8 Juni 1968 alifunga ndoa na Arlene Pruett katika kanisa hili hili. Mama alikuwa na maneno ya watu wawili, yake na ya mumewe. Alizoea kuwaambia wanawake wenzake, "Kila Aprili nakuwa mjane kwa wiki tatu, halafu mume anafufuka, na njaa juu." Binti yao alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1971. Mama alifariki ghafla tarehe 3 Septemba 2007, na tangu siku hiyo nyumba ile ilibaki na mtu mmoja asiyesema.

Wengi wenu mlimjua marehemu kwa kuita madume ya bata mzinga kwa mlio wa jike. Alijichongea kisanduku cha mwerezi chenye kifuniko cha kusugua, na akikisugua ungeapa kuna jike nyuma ya mti. Lakini siri yake haikuwa sauti, ilikuwa subira. Binti yake alipokuwa na miaka tisa alimkalisha kwenye shina la mwaloni kabla jua halijachomoza, akaita mara moja, akaweka kisanduku chini.

"Mwite tena, Baba."

"Hapana. Ukiita sana anashtuka. Anahama bonde."

"Je, kama hakusikia?"

"Amesikia. Anafikiri."

Wakakaa dakika hamsini, mtoto miguu imekufa ganzi. Dume likaja lenyewe, kimya kimya, likiwa limejitanua manyoya. Basi mtoto akaamini. Mnielewe, aliamini kila kitu alichoambiwa na baba yake.

Jambo la pili mlilomjua nalo ni uongo. Katika nchi hii hakuna mwindaji anayesema kweli kuhusu mahali aliposikia dume, hata kwa ndugu yake wa damu. Mchungaji Loomis yuko hapa, na atakumbuka jinsi marehemu alivyomwelekeza kwa uso mkavu hadi bonde la juu la Kettle. Mchungaji alikaa huko asubuhi tatu, akarudi na kupe ishirini na sita. Tulisamehewa, nadhani.

Kuanzia mwaka 2005 hivi, ndege walianza kupungua. Zamani, alfajiri ya Aprili ukisimama kwenye ukuta wa malisho ulisikia madume manane yakiitikiana mlima hadi mlima. Wakawa watano. Wakawa wawili. Wanaume kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta walibishana: huyu alisema ni mvua za Mei zinazoua vifaranga, yule alisema ni wanyama wanaokula mayai, mwingine alisema ni malisho yanavyofyekwa mapema. Marehemu hakubishana na mtu. Alikunywa kahawa yake akaenda nyumbani. Kufikia mwaka 2012 alikuwa anasikia dume mmoja tu, kwenye ukingo wa mlima nyuma ya nyumba yake, na bunduki aliiacha ukutani. Hakumwambia yeyote. Ndiyo desturi.

Hakumwambia hata binti yake, aliyeendesha gari usiku kucha kutoka St. Louis kuja kumfurahisha. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya msimu, tarehe 16 Aprili 2012. Alidhani baba amelala, maana bunduki ilikuwa ukutani, basi akachukua bunduki yake mwenyewe akapanda ukingoni peke yake. Akaita mara moja, akanyamaza kama alivyofundishwa. Saa moja baadaye alishuka na dume begani, anacheka.

Marehemu alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Alitazama ndege, hakumtazama mtoto.

"Huyo ndiye alikuwa wa mwisho," alisema.

"Sikujua, Baba. Mbona hukuniambia?"

"Umeunyamazisha mlima."

Binti yake alikuwa na miaka arobaini, na neno lile lilimchoma kama mtoto wa miaka tisa. Alilaza ndege kwenye baraza, akaingia garini, akaondoka bila kunywa hata maji.

Siku sita baadaye marehemu alimpigia simu. Haikupokelewa. Aliacha ujumbe: "Ni baba yako. Nilikosea kusema vile. Nipo." Binti yake aliusikiliza akiwa bado na hasira, akasema moyoni, akipiga tena nitapokea.

Hakupiga tena.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Mshindo wa kile kimya ulidumu miaka kumi na mmoja. Kila mmoja alikaa kwenye shina lake. Binti yake aliona baba mwenye uchungu hapigi simu mara moja tu, basi huyu hanitaki. Na marehemu, kila Aprili, alipanda ukingoni bila bunduki, akaita mara moja, akasubiri hadi jua likawa kali, akashuka. Hakuna kilichoitikia. Shangazi anasema Krismasi aliweka sahani mbili mezani, na akiulizwa alisema ya pili ni ya mkate.

Oktoba 2022 madaktari waligundua saratani ya mapafu. Alikataza mtu yeyote kumwambia binti yake. Shangazi Ozella alitii mpaka mwisho wa Machi, kisha akashika simu. "Corliss, baba yako anakufa. Na nyinyi wawili ni wapumbavu, nawaambia kwa heshima zote. Washa gari."

Alifika tarehe 1 Aprili. Kitanda kilikuwa kimewekwa dirishani kuelekea ukingo, na mtu aliyekuwa juu yake alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Baba, mbona hukupiga tena?"

Alichukua muda mrefu kupata pumzi. "Nilikuita. Nikawa nasubiri. Ukiita sana anahama bonde."

"Baba. Mimi si bata."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Shangazi akaja mbio na kitambaa, na hata hapo alikuwa bado anacheka, machozi yanamtoka. "Si bata," alisema. "Loo. Miaka kumi na mmoja." Kisha akalia kweli, na binti yake akalia, na Shangazi akawatukana wote wawili huku akilia zaidi yao.

Walipata siku kumi na tisa. Walikula viazi vya kuponda, waliangalia mvua, walisema mengi kuliko walivyosema miaka hamsini. Si siku za kutosha. Nani atasimama hapa aseme zilitosha?

Alhamisi, tarehe 20 Aprili, alfajiri, marehemu alimwomba binti yake apande ukingoni akasikilize, amletee habari. Dirisha liliachwa wazi. Alipanda na kisanduku cha mwerezi, akakaa, akaita mara moja. Akangoja. Ukungu, matone ya maji, na kimya. Hakuna dume. Alijua habari atakayoipeleka, na hakuitaka. Ndipo akafanya alilokatazwa tangu utotoni: akaita tena. Akaita mara ya tatu, ya nne, akasugua kile kifuniko mfululizo mpaka mkono ukauma, vibaya, bila adabu, kama mtu ambaye hajawahi kufundishwa kitu.

Aliposhuka, Shangazi alikuwa amekaa kitandani ameshika mkono wa kaka yake, na mkono ulikuwa umepoa.

Kwa mujibu wa Shangazi Ozella, aliyekuwepo, marehemu alizisikia sauti zote za kisanduku. Ya pili alikunja uso. Ya tano alifumba macho. Shangazi alitaka kwenda dirishani kumwambia mtoto anyamaze.

"Anaita sana huyo," marehemu alisema. "Mwache. Mwache aite."

Ameacha dada, Ozella Maupin Stoops, na binti, Corliss, ambaye atakaa katika nyumba ile. Alitanguliwa na wazazi wake na mkewe Arlene, na leo analazwa kando ya mkewe.

Pumzika kwa amani, Baba. Pumzika, Baba. Baba, pumzika.