Tani Sitini Mtaroni

Mgeni rasmi wetu, Bi Gunvor Stenlund, dereva wa lori la magogo, Mwalimu Mkuu, wazazi wetu:

MAKARIBISHO
Karibu Storbäcken. Kila Wiki ya Usalama Barabarani kiti hicho cha mgeni rasmi hukaliwa na mkubwa wa polisi au mbunge. Mwaka huu tuliambiwa tuchague wenyewe, na hatukubishana hata kidogo.

HISTORIA FUPI
Huku kwetu basi hupita mara mbili kwa siku, kwa hiyo kila mtoto huota epa: gari kuukuu unaloruhusiwa kuliendesha ukiwa na miaka kumi na mitano, limefungwa lisizidi kilomita thelathini kwa saa, na nyuma lina pembetatu nyekundu ya kuwaonya wenzako kuwa unakwenda mwendo wa kobe. Ukifika kumi na sita unajifunza gari la kawaida, mtu mzima akiwa kando yako. Leseni yenyewe hupatikana kwa miaka kumi na minane, nayo huwa ya matazamio kwa miaka miwili ya kwanza. Ni ngazi yenye vidato. Sisi tuliona vidato vinatuchelewesha.

MAFANIKIO
Tuko hai, wote wanne.
Februari tulikuwa tumekifungua kile kifungio cha mwendo, na pembetatu tukaing'oa ili tufanane na watu wazima. Karibu na kona ya kiwanda cha mbao tukaona gari mbele, tukadhani ni polisi, tukapunguza mwendo ghafla hadi thelathini. Nyuma yetu ulikuwa wewe, na tani sitini, juu ya barafu. Taa zako zilijaa kwenye kioo chetu, kisha zikageuka zikaingia mtaroni, hadi msituni. Misonobari ilikatika kama njiti.
Bi Gunvor, mpaka leo tukilisimulia hilo miili inatusisimka. Ulikuwa na nusu sekunde tu, ukawapa watoto usiowajua. Ulitambaa ukatoka kwenye lori, damu ikikuchuruzika usoni, ukatuhesabu kwa sauti, mmoja hadi wanne, halafu ukaanza upya. Ndipo ukasema, "Sasa mnatetemeka nini, ninyi? Aliyegonga mti si mimi?"

CHANGAMOTO
Ulipokuwa ukipiga simu, sisi tulikuwa nyuma ya gari tukiirudisha pembetatu kwa bisibisi.
Polisi waliikuta mahali pake, wakaona onyo lilikuwepo, wakaandika kwamba dereva wa lori hakuwa makini. Tangu siku hiyo hujaruhusiwa kushika usukani. Unapanga mbao ghalani. Nasi tulinyamaza. Tunaona aibu kubwa.
Wiki iliyopita Tuva, anayesoma risala hii na ndiye aliyekuwa akiendesha, alikuja kwako akilia.
"Niliwaona, mwanangu," ukamwambia. "Nilikuwa nangoja mseme wenyewe."
"Miezi mitatu yote?"
"Kwani ningefanyaje? Nikisema mimi, mtakuwa mmekamatwa tu. Haya, kunywa kahawa, inapoa."

MAOMBI
Asubuhi ya leo tumepeleka barua polisi, yenye kweli yote na majina manne. Huenda tukanyang'anywa vibali vya kuendesha epa, na hatuombi tuachiwe. Msamaha nao hatukuombi hapa mbele za watu, usije ukaona huna budi.
Tunaomba jambo moja. Utakaporudi barabarani, ukitukuta tunakwenda shule kwa miguu, tupigie honi.

Barabara ikunyookee, Bi Gunvor, na kila uendako ufike salama.

Ni sisi, Tuva, Melker, Ylva na Sixten,
kwa niaba ya wanafunzi wote wa Shule ya Storbäcken.