Mama Velma Tarver, Bawabu wa Mlango wa Kushoto

Kabla hatujamtoa mlangoni, tumsikilize kidogo mama ambaye hakuzoea kupaza sauti.

Mama Velma Odessa Tarver alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, nje kidogo ya mji wa Sparta, Georgia, mtoto wa tano wa Bwana Amos na Bibi Lula Ingram. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, na upepo wa Machi uliingia bila kubisha hodi. Bibi Lula alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alipozaliwa hakulia. Aliinua mkono tu, kama mtu anayeomba kupishwa.

Alisoma katika shule ya watoto weusi ya kata hiyo, akienda kwa miguu huku basi la watoto weupe likimpita na kumwachia vumbi. Alihitimu darasa la kumi na mbili mwaka 1959, na mwaka uliofuata akahamia Macon kwa dada yake. Vumbi lile hakulisahau. Mwaka 1970, shule zilipochanganywa, alikwenda kuomba kazi ya kuendesha basi la shule, akaipata, akaishika mpaka alipostaafu mwaka 2003. Watoto walipopigana humo ndani, hakugombeza. Aliegesha pembeni, akazima injini, akainua kidole kimoja mbele ya kioo, akangoja. Siku moja mwanawe Dexter, aliyekuwa mmoja wa wapiganaji, alilia, "Mama, tutachelewa!" Akajibiwa, "Chelewa wewe. Mimi nimeshafika kazini."

Tangu mwaka 1961 alikuwa bawabu wa Kanisa la Kibaptisti la Mlima Nebo, mlango wa kushoto. Wageni wetu wa leo wataona mabawabu wetu wamevaa glavu nyeupe na hawaongei. Ibada ikianza, wao husemeshana kwa mikono, kutoka mlango mmoja hadi mwingine, juu ya vichwa vyetu: viti viwili viko huku, mama huyu anazimia, leta upepeo wa kumpepea. Kila kanisa lina ishara zake, na nyingi za kwetu alizitunga yeye pamoja na rafiki yake wa mlango wa kulia, Dada Queen Esther Blount.

Mlangoni hapo ndipo alipompata mume. Bwana Cleophus Tarver, mwashi, alifika ibadani amechelewa, na Mama Velma akampeleka hadi benchi la mbele kabisa, chini ya pua ya mchungaji.

"Dada, mbona nyuma kuna nafasi?" alinong'ona Bwana Tarver.

"Za nyuma ni za waliowahi."

Jumapili iliyofuata alichelewa tena, safari hii kwa makusudi. Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1962, wakajaliwa watoto wawili, Marvella na Dexter. Bwana Tarver alitangulia mbele za haki mwaka 2011.

Oktoba 2017 kiharusi kilimpiga Mama Velma, kikachukua mguu na mkono wa kulia, na maneno yote. Akili hakikuigusa, ila hilo wengi hawakulijua. Watoto wake walimuuguza nyumbani mpaka nguvu zikawaishia, na Januari iliyofuata wakampeleka katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa machozi na kwa nia njema. Alianguka Machi. Akaanguka tena Juni, nyonga ikavunjika. Wasimamizi walisema, "Amechanganyikiwa, anajaribu kuamka peke yake. Uzee huo." Wahudumu walikuwa wachache mno kwa wazee wengi kiasi kile, wakipita vyumbani mbio mbio, na kengele ya kuitia ilining'inia upande wa mkono uliokufa.

Kila wanawe walipofika, aliinua mkono wa kushoto, akakunja ngumi, akaigonga ubavuni mara mbili, kisha akafungua kiganja kuelekea chini. Tena na tena. Dexter alitabasamu kwa uchungu, "Tazama, Mama yuko kanisani. Anaketisha watu." Nao wakamwimbia wimbo.

Mwezi Agosti alikuja Dada Queen Esther, aliyekuwa amekaa kitandani kwa muda mrefu kwa sababu ya maumivu ya magoti. Hakufika hata kwenye kiti.

"Nani amewaambia anaketisha watu?" aliuliza. "Anasema benchi bovu! Benchi bovu, usikalishe mtu!"

"Shangazi, hapa hakuna benchi."

"Kuna kitanda, Dexter. Hebu sogea."

Akakisukuma kwa nyonga yake. Breki ya gurudumu ilikuwa imekufa. Kitanda kikateleza hadi ukutani kama toroli. Kila mhudumu alipomwinua kumlisha, au yeye alipojishika kidogo, kitanda kilimkimbia. Walimfunua wamgeuze, wakakuta mgongoni kidonda cha kulalia kilichochimbika mpaka karibu na mfupa. Hakuwa amegeuzwa kwa siku nyingi. Mama Velma alimtazama rafiki yake, akafumba macho, na wote waliokuwepo walisikia akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

Siku ile ile alipelekwa hospitali, na kutoka huko alikwenda kwa Marvella, hakurudi tena. Marvella alimpigia simu mtetezi wa wazee wa jimbo, ambaye huduma yake ni ya bure, akajifunza mambo ambayo hakuna aliyekuwa amewaambia: kwamba wangeweza kumtembelea mama yao saa yoyote, kwamba walikuwa na haki ya kuona kumbukumbu zake za matibabu, kwamba familia ziliruhusiwa kuunda baraza lao humo ndani, na kwamba mzee hafukuzwi kwa sababu ndugu zake wamelalamika. Kisha wakatafuta wakili.

Kesi ilisikilizwa Macon mwezi Novemba 2019. Utetezi wa nyumba ile ulikuwa mfupi: mgonjwa hakulalamika hata siku moja. Basi kesi nzima ikaning'inia kwenye swali moja, na kwa Mama Velma lilikuwa zito kuliko nyonga na kidonda: je, alikuwa amesema, au alikuwa akipunga mkono tu?

Wakili wa nyumba ile, kijana mtanashati, alisimama kwenye njia ya katikati akamhoji Dada Queen Esther.

"Mama Blount, una cheti chochote cha lugha ya ishara?"

"Mwanangu, nina glavu."

"Na ulijuaje kwamba hakuwa amechanganyikiwa?"

"Kalale kwenye kile kitanda nikusukume. Ukiinuka tutaulizana nani amechanganyikiwa."

Jaji alikataza kicheko, kwa shida. Wakili akaomba lifanyike jaribio: shahidi ageuke aangalie ukuta, Mama Velma aulizwe kama ana lolote la kusema, naye alionyeshe kwa ishara mara moja tu, kisha airudie shahidi akitazama. Wakakubaliana. Mama Velma, kwenye kiti chake cha magurudumu, alitafakari. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaupeleka pembeni taratibu, vidole vimeshikamana. Wakili wake mwenyewe alikuwa amekwisha kumkabidhi jaji orodha ya ishara zote na maana zake, kama alivyoelezwa na mabawabu wengine wa kanisa. Dada Queen Esther akageuka, akaiona ikirudiwa.

"Anasema wewe unaziba njia."

Jaji akatazama orodha, akaona ndivyo ilivyoandikwa. Yule kijana aliangalia miguu yake, akaona amesimama katikati ya njia kweli. Akasogea.

Baraza la wazee wa mahakama lilihukumu kwamba alikuwa amesema. Nyumba ile ilibadilishiwa uongozi na vitanda, na baraza la familia hukutana humo mpaka leo. Marvella ndiye mwenyekiti. Kidonda kilipona polepole, kikaacha kovu. Jumapili ya Pasaka mwaka 2022, Mama Velma alirudi mlango wa kushoto, kwenye kiti chake, glavu moja mkononi na ya pili mapajani. Dexter alifika amechelewa. Alipelekwa mbele kabisa.

Mama Velma alifariki dunia tarehe 22 Februari 2024, alfajiri, nyumbani kwa Marvella, kwenye kitanda kilichofungwa breki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Ameacha watoto wawili, Marvella na Dexter, wajukuu wanne, kitukuu mmoja, dada yake, Bibi Ruthie Ingram wa Sparta, na Dada Queen Esther Blount, ambaye hakuna neno la udugu linalomtosha.

Kuna ishara moja ambayo Mama Velma hakuipenda, kwa kuwa alitaka kusimama mpaka mwisho wa ibada: kiganja kinachoshushwa taratibu kifuani, kikimwambia bawabu, zamu yako nimeipokea, nenda ukakae. Jeneza litakapopita mlango wa kushoto, Dada Queen Esther atamfanyia ishara hiyo. Tunaomba tusimame, tunyamaze, tuwape njia.

Kakae, Mama. Benchi la huko ni zima. Pumzika kwa amani.