Kina Mama Ange Watatu

Nani atanitegulia kitendawili hiki: nyumba imehamishwa, vyombo vyote vimo, wenyewe wamebaki nje? Mimi jibu nililipata jana, kwenye treni ya kutoka Lidcombe kwenda Bankstown.

Mama mmoja Mkongo alimkuta Aloyce, kijana wa Kitanzania anayetunza kompyuta za umoja wetu wa wahamiaji. "Ndugu, tangu uhamishe video za mikutano ya familia zetu kwenye seva mpya, mimi nakataliwa kuingia. Mule muko baba yangu anamubariki binti yangu, Ange. Baba hayuko tena."

"Pole, mama. Video iko salama. Ulijisajili kwa jina gani?"

"Mama Ange. Lingine ni gani?"

"La pasipoti?"

"Chibalonza. Lakini hata mume wangu hathubutu kuniita hivyo!" Nilicheka, nikajifanya nakohoa.

"Chibalonza hayupo kwenye orodha, mama. Kina Mama Ange wapo watatu. Nitajuaje mwenyewe ni wewe?"

"Fungua uangalie. Mwenye kulia kushinda wote, ni mimi."

"Siruhusiwi kuangalia video za watu."

"Basi nitalia hapa hapa, ulinganishe!"

Treni ikasimama Bankstown. Wakashuka wakiendelea kubishana, Aloyce akikataa huku anafungua zipu ya begi la laptop.