Ratiba ya Malisho ya Akilimali

Wapendwa mliopanda hadi hapa Kinanira kulia pamoja nasi, anayewasomea ni Jovithe, mdogo wake marehemu, na kwa heshima ya shughuli hii atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine.

Akilimali Fortunat alizaliwa Uvira tarehe 12 Machi 1951, akasoma shule ya msingi hapohapo, akaendelea na masomo ya mifugo Bukavu hadi alipopata diploma mwaka 1972, na mwaka 1974 akavuka mpaka kuja Bujumbura, akaanza kazi ya ufundi wa malisho katika bonde la Rusizi. Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Pascaline, wakajaliwa Lisette, Destin na Olga, ambao wote wanajua kwamba baba yao akirudi jioni alisimulia habari za udongo kabla ya kuuliza za shule.

Mwaka 1994, vita vikiwa vimesukuma ng'ombe wengi karibu na mji na nyasi zimekwisha, marehemu aligawa malisho vipande kumi na viwili, ng'ombe wakae siku tatu kila kipande kisha wahame, nyasi zipumzike, mizizi ishuke na kuweka ardhini kaboni ambayo majani yameivuta hewani. Kila mwaka alipima, na kaboni ya udongo ikapanda kutoka asilimia moja nukta moja hadi moja nukta sita, ardhi iliyokuwa ngumu ikawa nyeusi na kushika maji, naye akafurahi kama aliyepata mtoto wa nne.

Ratiba ya kuhama aliwapa wachungaji kwa mdomo tu, kwa sababu ya usalama. Jovithe, msaidizi wake, alichoka kuirudia kila wiki, akaiandika kwa herufi kubwa, siku na kipande, akaibandika kwenye duka la kando ya barabara, akajiona mjanja. Tarehe 9 Mei 1998 watu wenye silaha, ambao hadi leo hatuwajui, waliwangoja wachungaji katika kipande cha saba, wakachukua ng'ombe arobaini na kumuua mchungaji Chabani, na karatasi ile ikakutwa imeangushwa kwenye majani.

Akilimali alikwenda Buyenzi kwa mjane wa Chabani, Khadidja, tunayemwita Mama Waridi, Jovithe akiwa nyuma yake, na Akilimali akasema, "Mama Waridi, ile karatasi ni mi nilibandika, mutu mwingine apana." Jovithe aliinamisha macho, akanyamaza, na akaendelea kunyamaza miaka sita, huku mkubwa wake akipitwa barabarani bila salamu.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2003, akafariki Jumanne tarehe 14 Septemba 2004, na katika wiki yake ya mwisho alimwomba Jovithe aandike historia hii, ila habari ya karatasi aiache kama Mama Waridi anavyoijua. Jovithe ameshindwa kumtii, kwa kuwa anaona haya kumzika na kosa lisilo lake.

Mama Waridi, uliyekaa hapo mbele, aliyebandika ni Jovithe, na baada ya maziko atakuja kwako, peke yake, apokee utakalomwambia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wachungaji wa bondeni na wenzake wa kazini.

Mkubwa wetu, sasa wanajua. Pumzika kwa amani.