Nguo za Kumzikia Mwalimu Baidoo

Araba Eshun alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, miguu imemvimba, na hakuwa na nguvu ya kusikiliza ugomvi wa watu. Lakini ndani ya trotro, basi dogo la abiria, alijikuta kati ya wanawake wawili waliokuwa wakienda kwenye msiba mmoja kwa nguo za rangi mbili.

"Miaka themanini na miwili, dada! Huyo anavaliwa nyeupe, tunamshukuru Mungu," alisema wa dirishani, mwenye lesi nyeupe pe.

"Shukuru wewe," alijibu wa mlangoni, aliyejifunga nyekundu na nyeusi kama anayezika mtoto. "Nyeupe ni ya mzee aliyepumzika. Mwalimu Baidoo alistaafu, akapumzika lini? Juzijuzi tu alikuwa barabarani na bendera yake, anavusha watoto wa shule."

"Kwani angewavusha mpaka lini? Alichoka, jamani."

"Na sasa bendera kaishika nani? Wewe?"

"Mimi magoti yananisumbua."

"Kwani ya kwake yalikuwa ya chuma?"

Araba alifumba macho. Naye aliwahi kuvushwa na bendera ileile.

Penye kivuko cha shule dereva alifunga breki, kama kila asubuhi. Watoto walikuwa wamejipanga ukingoni. Dereva aliwapungia mkono wavuke, akapiga na honi. Hawakusogea. Walikuwa wanasubiri bendera.

Wa nyeupe alitazama magoti yake. Wa nyekundu, aliyekaa karibu kabisa na mlango, hakuugusa. Araba naye aliivuta miguu yake iliyovimba chini ya kiti.