Anselmo na Somo la Saa Nane

Ndugu zangu wa chama chetu cha wahudumu, wa Husby, Tumba, Skärholmen na kwingineko, nawasalimu kwa jina la Bwana, na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Habari za afya? Wale waliolazwa na mafua mwezi wa nne wamesimama? Mimi Dativa sijambo, ni magoti tu, na magoti ndiyo mshahara wa kazi yetu, tutamlalamikia nani.

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, kaka yetu Anselmo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika nyumba moja ya wazee hapa Skärholmen. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Sina kisomo kikubwa, ila nimefanya naye kazi ghorofa moja muda mrefu, na mtu ukishasukuma naye vitanda unamjua.

Anselmo ni Mmakonde wa Mueda, Msumbiji. Kireno alikipata kwa mapadre, Kiswahili alikipata ng'ambo ya Ruvuma wakati wa vita, na Kiswidi alikipata hapa, kwenye baridi, alipoletwa kijana kujifunza ufundi wa mashine za mbao. Ufundi ukaisha, yeye akabaki, akaingia kuhudumia wazee. Huwanyoa babu zetu vizuri hata watoto wao wakija Jumapili wanauliza kinyozi ni nani. Wahudumu wapya amewafundisha kunyanyua mgonjwa kwa maneno yale yale: "Usimbebe kama gunia. Mwombe aje." Mikononi mwake sikumbuki mzee aliyepata kidonda cha kulala. Kasoro yake ni moja, samaki wakavu anaowapasha moto kwenye jiko la wafanyakazi. Waswidi wamevumilia, Mungu awabariki.

Lakini nisiposimulia habari za Kiingereza chake nitakuwa sijamuaga vizuri.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na Bi Felicia, Mwingereza aliyefundisha lugha yake katika shule za mji huu maisha yake yote ya kazi. Ugonjwa wa kusahau, nyinyi mnaujua, huanza kula lugha uliyojifunza mwisho. Asubuhi moja aliamka, Kiswidi chote hakipo. Akawa anatutazama kama watu wanaoongea nyuma ya kioo. Na Kiingereza chake hakikuwa hiki chetu cha dawa na habari za asubuhi. Kilikuwa kirefu, chenye vyumba ndani ya vyumba.

Siku moja alimshika Anselmo mkono wa shati, akamwambia kwamba kufa hakuogopi. Anaogopa kufa katikati ya sauti asizozielewa. Akamwomba siku yake ya kufa awepo, amsemeshe kwa maneno kamili. Anselmo alielewa nusu, mimi nikaongeza robo ya shule yangu ya Bukoba, iliyobaki tuliisoma usoni mwake. Anselmo akaahidi.

Basi wakaanza. Kila siku saa nane mchana, vyombo vya chakula vikishaondolewa, mwanafunzi wa miaka sitini na ushee alivuta kiti. Aligundua kwamba maneno mazito ya Kiingereza ni binamu wa Kireno cha kanisani. Neno lenye mkia wa "dade" unakata mkia unapachika mwingine, "serenidade" ikawa "serenity", na maana ni ile ile, utulivu wa moyo. Alicheka kama aliyeokota ufunguo. Maneno madogo madogo ndiyo yaliyomtesa, hayana ndugu. Na Bi Felicia alimkataza kuamini sura: neno likifanana na la mama yako, alisema, liulize kwanza linakwenda wapi.

Utaratibu wao ulikuwa neno moja kwa siku. Anselmo alilichagua asubuhi kwenye treni ya Tumba, akalibeba zamu nzima, na saa nane alilitumia mara tatu kwa ukweli: juu ya hali ya hewa, juu ya chakula, na juu yake mwenyewe. Akikosea, bibi aligonga chuma cha kitanda kwa ukucha, mara tatu, taratibu. "Tena, mpenzi. Polepole." Diane wetu wa Bukavu alikuwa akipita na kikapu cha nguo anamchokoza: "Papa Anselmo, hii université ya kitandani utamaliza lini? Diploma watakupa ya uji?" Anselmo anajibu kwamba ya uji anayo tayari.

Bi Felicia alituaga mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, adhuhuri, siku ambayo treni ya Tumba ilikwama kwenye theluji. Tulikaa naye mimi na Diane. Mimi nilisali kwa Kiswahili, Diane kwa Kifaransa. Macho yake hayakutoka mlangoni.

Hapa wana desturi, nanyi mmeifanya: mtu akikata roho, dirisha hufunguliwa kidogo, hata baridi iwe ya kuua, apate pa kupitia. Hata Waswidi wasioamini kitu chochote hawaifanyii mzaha. Ila majira yale mafundi walikuwa wanatengeneza kuta, wameyafunga madirisha yote kwa skrubu kutoka nje. Tuliwasha mshumaa, basi. Anselmo alifika theluji ikiwa imemganda hadi magotini. Alisimama mlangoni, akalisema neno lake la siku ile kwa sauti, kisha akaenda kubadili viatu.

Mwezi wa nne chumba kile alipewa mzee Anton, mkata magogo wa kaskazini. Binti yake alituambia baba aliacha shule akiwa mtoto, akaingia msituni, Kiingereza hajui hata salamu. Wiki za kwanza alikaa kimya. Halafu siku moja, saa nane, Anselmo alikuwa anakunja mashuka chumbani mle, anajisemea neno lake kwa mazoea, na alilitamka vibaya. Nyuma yake chuma cha kitanda kiligongwa mara tatu. Akadhani ni bomba la maji. Akarudia. Kikagongwa tena, taratibu. Kisha Anton, macho kayafumba, kwa sauti yake nzito ya msituni, akalitamka lile neno kama linavyotakiwa. Akaongeza kwa Kiingereza safi: "Tena, mpenzi. Polepole."

Anselmo alitoka akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Papa, umeona nini?" Diane alimuuliza.

"Sijaona kitu," alisema. "Nimesahihishwa."

Muuguzi mkuu alisema ubongo huhifadhi mengi, labda ni redio. Inawezekana. Mimi ni mtu wa rozari, najua marehemu wako mikononi mwa Mungu, na mambo ya mizimu sina. Nilimpelekea padre habari hiyo. Akauliza, "Anamsumbua mtu?" Nikasema hapana. "Basi mhudumieni."

Ndivyo Anselmo alivyofanya. Tangu hapo kila saa nane anavuta kiti, analeta neno lake. Saa hiyo ikipita, Anton anarudi kuwa Anton, anadai kahawa na jibini kwa Kiswidi cha kwao, na ukimtupia neno la Kiingereza anakutazama kama umemtukana. Nilimuuliza Anselmo kama haogopi. Akasema, "Dada Dativa, nilichelewa mara moja." Leo kaka yetu anasoma vitabu vinene vya Kiingereza kwenye treni, na daktari wa zamu humuuliza yeye neno likimpotea.

Julai iliyopita alikwenda likizo nyumbani. Siku ya kwanza, saa nane, Anton aligeuza uso mlangoni. Siku ya pili alikataa chakula. Siku iliyofuata alilia kwa Kiingereza, maneno yale marefu, mikono inapapasa hewani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua anaomba nini. Tulimpigia Anselmo, tukaiweka simu kwenye mto. Tulisikia jogoo wa Msumbiji, halafu sauti yake. Anton akanywa supu. Tukapiga hivyo kila siku mpaka aliporudi.

Sasa anaondoka moja kwa moja. Anakwenda kulima korosho nje ya Mueda, ambako mtandao, kwa maneno yake mwenyewe, huja kama mgeni wa heshima.

Kwa hiyo wiki jana alinikalisha kwenye kiti kile. Neno alinichagulia yeye, nikalibeba zamu nzima. La hali ya hewa likapita, la chakula likapita. La nafsi yangu ulimi ulifunga fundo. Nikasikia ukucha kwenye chuma. Anton alifumbua macho, akaniuliza kwa Kiingereza jina langu. Nikamtajia. Akalirudia, Dativa, sawasawa kabisa, yeye ambaye miaka yote hii ananiita "we, dada". Anselmo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashusha pumzi.

Kaka Anselmo, asante kwa migongo uliyoiokoa na ndevu ulizozinyoa. Mungu akusindikize, korosho zizae, na uzee wako upate watu wa kukuelewa unachosema. Sherehe ni Jumamosi tarehe 28 Juni, ukumbi wetu wa Husby, saa tisa alasiri. Samaki wakavu wataliwa nje.

Ombi langu kwenu ni hili. Mimi nimechukua somo, lakini Jumanne na Jumapili sina zamu, na nimeomba nibadilishiwe imeshindikana. Hahitajiki msomi. Anahitajika mtu wa kuja na neno moja na asichelewe. Tarehe mosi Julai, siku ya kwanza bila Anselmo, ni Jumanne. Atakayeweza kukaa naye saa nane siku hiyo, namba yangu mnayo. Naomba anijibu mapema.